Ufunguo wa Akiba

Saa kumi alfajiri, Huddersfield, juu ya duka la mazulia,
programu-jalizi ilianguka mara ya kumi na saba.
Faili lenyewe si kitu: sekunde kumi na moja,
njiwa anatembea ukingoni mwa paa, anageuka, basi.
Nilibadilisha baiti zake tatu tu,
pale kichwani faili linapojitambulisha,
likadanganya kidogo juu ya kimo chake.
Kivinjari kikaamini,
kikacheza nusu ya njiwa,
kikafa.

Kufa si habari.
Programu hufa kila siku, hufufuka kabla chai haijapoa.
Nilitaka kujua imekufaje.
Nikachambua mabaki yake kama mchele,
mstari kwa mstari, nikitafuta jiwe.
Hadi saa moja sikuliona.

Nikavaa koti. Mvua ya huku hainyeshi,
inakaa hewani inakungoja.
Miguu nayo ina kumbukumbu zake:
ikanipandisha kilima cha Lockwood
hadi nambari thelathini na nane, mlango wa kijani,
nikatia ufunguo, ukazunguka, nikaingia.

Nilikuwa nimehama tangu Machi.

Kodi nilimaliza. Bi. Oldroyd alihesabu hadi vijiko,
akaniita mpenzi, kama wanavyomwita kila mtu huku,
akanipa mkono.
Ufunguo wa akiba hakuuliza,
wala mimi sikukumbuka.

Mezani mtoto, sare ya shule,
kijiko kimesimama kati ya bakuli na mdomo.
Pale nilipoweka redio pana tangi la samaki.
Hakupiga kelele. Alinitazama tu
kama ninavyotazama skrini ikigoma.
Nikasema samahani, kwa Kiswahili,
nikarudi kinyumenyume, nikavuta mlango taratibu
kama mwizi aliyesahau alichokuja kuiba.

Likanijia kwenye kibanda cha basi.
Uongo wa kimo unaikatisha video njiani,
chumba kinarudishwa kabla ya wakati,
kumbukumbu inatangaza: pako wazi, karibu,
mpangaji mwingine anaingia na vyombo vyake.
Lakini humo ndani, mahali fulani,
kuna kielekezi kilichohama na ufunguo mfukoni.
Kikirudi hakibishi hodi.
Na mjanja akishaijua saa yake ya kurudi
hukitangulia, hutandika mle chumbani maneno yake,
na kielekezi, kwa utiifu wake wa kijinga,
huyasoma kama amri ya mwenye nyumba.
Hapo kompyuta si yako tena,
na wewe uliketi kutazama njiwa.

Niliandika ripoti, kurasa sita.
Habari za mtoto sikuzitia.
Wakajibu siku ya arobaini,
utadhani walikuwa wakingoja khitima.
Kiraka chao mstari mmoja:
chumba kikisharudishwa, kielekezi kisielekee popote.
Sifuri.
Nikaucheka, kisha nikausoma tena.
Miaka sita kasoro hiyo iliishi,
na dawa yake ilikuwa kusahau.

Ufunguo niliutumbukiza kwenye tundu la barua
Jumapili, kabla watu hawajaamka.
Ulilia sakafuni. Mbwa akabweka.
Hata mbwa wana mbwa, sikujua.

Wiki iliyofuata, kwa daktari wa meno,
Gaynor, msaidizi wake, anafungua picha ya taya langu.
Pembeni mwa skrini dirisha dogo linamsihi:
kiraka kipya, tafadhali, dakika mbili tu.
Ninalijua dirisha lile. Ninaujua mstari uliomo.
Gaynor anabofya *Baadaye*,
bila kutazama, kwa kidole kilichozoea.
Mimi nimelazwa chali chini ya taa,
pamba shavuni, mdomo wazi,
nasema aa, aa,
naye ananipapasa bega, ananiambia
haitauma.